Kofta za Mkono wa Kushoto

Kaka mkubwa, shikamoo.

Huku mvua imetulia, na fundi amemaliza kuziba paa la jikoni. Ulisema Jumamosi utakuja na gari kumhamishia mama kwako, kwa sababu tangu mkono wake wa kulia upooze hawezi hata kujipikia. Basi sikiliza.

Jana aliagiza nyama ya kusaga. Akaichanganya na kitunguu, tangawizi, bizari na pilipili kwa mkono wa kushoto, kisha akaviringisha kila kofta kwenye ubavu wa bakuli. Zikatoka zimepinda. Mchuzi ulipochemka akazitumbukiza, nami nikachukua mwiko.

"We mtoto, weka chini! Ukikoroga sasa zitavunjika. Sufuria inatikiswa."

Kutikisa kunataka mikono miwili. Akashika upande mmoja kwa kitambaa, mimi nikashika wa pili, tukatikisa. Haikuvunjika hata moja.

"Mwambie kaka yako," akasema akinipakulia, "kabla ya kunihamisha aje kwanza ale."

Kwa hiyo Jumamosi njoo, ule, urudi peke yako. Mkono wa pili ninao mimi, na mimi siondoki.

Kitindamimba wenu