Mwenyekiti Aliyekalia Barafu

Mjukuu wangu Elia,

Marahaba, shikamoo yako imenifika. Huku Lushoto tu wazima, na shangazi yako amevuna plamu mpaka hatuna pa kuziweka.

Umefunga friji ndani ya gari lako la safari, nawe unauliza kama sisi zamani tulikuwa na kitu cha namna hiyo. Tulikuwa nacho! Enzi za Ujamaa nilikuwa nesi kijana, nikipeleka chanjo za watoto Mtae kwa Landrova, ndani ya sanduku la barafu.

Karibu na Rangwi, mimi na dereva tulikwama kwenye tope. Wanakijiji wakaja kutusukuma, na mwenyekiti wao akaligonga lile sanduku.

"Mmebeba bia za wakubwa. Fungua!"

"Shikamoo mzee. Ni chanjo. Nikifungua njiani barafu itaisha, na watoto watakosa."

Angeweza kunishtaki nikafukuzwa kazi. Alinitazama, kisha akapanda garini akakalia mfuniko.

"Basi twende. Litafunguliwa hukohuko nikiona."

Wanakijiji wakalisukuma gari likatoka topeni, na njia nzima mashimo yalimrusharusha huku ameshikilia kofia yake. Mtae nilipofungua, barafu ilikuwa imebaki kama ngumi, na chanjo zote zi salama. Mzee alichungulia, akacheka mpaka machozi, akaanza kuwapanga akina mama foleni.

Friji yako bila shaka ni nzuri kuliko sanduku langu. Ila mimi namkumbuka zaidi yule mzee. Alinishuku, lakini alikubali kuumia mgongo kuliko kunilazimisha.

Endesha polepole, baba.

Bibi yako