Salamu Ninayoweza Kuimaliza

Somanda, Bariadi

Mayu wangu, mama yangu,

Mwangaluka, mayu. Umeamkaje? Mgongo je? Na dada Kabula anayekusomea hii, kaamka salama? Ng'ombe wameamkaje? Yule mwekundu amezaa? Mvua imeshuka huko Ipililo, pamba imechomoza? Itikia taratibu, nakusubiri.

Umeona, salamu nimeimaliza. Kwa mdomo siwezi tena.

Kabula aliniambia ulichosema baada ya simu yetu ya mwisho: kwamba mjini nimeota mapembe, nakukatia simu hata ng'ombe sijawaulizia, na kwamba ukifa nisije kukuzika. Nililia, mama. Sikukata kwa kiburi. Pumzi iliniishia, na sikutaka uisikie ikiisha.

Daktari anasema mapafu yangu yameharibiwa na moshi. Ni ile miaka yote ya kuwapikia wateja kwa kuni kwenye kibanda kisicho na dirisha. Hayaponi, yanatunzwa tu. Navuta dawa asubuhi na jioni, naoga nimekaa kwenye kigoda, ndoo naijaza nusu. Nesi kanifundisha kutoa pumzi kwa midomo iliyobana, kama mtu anayepoza uji. Nikienda dukani nasimama njiani kwa muuza nyanya, nazibonyezabonyeza kama vile nachagua, hadi pumzi irudi. Mwanzoni alinuna kwa nyanya zake. Siku hizi akiniona tu anasogeza stuli.

Wazee wa mtaani nawakwepa kwa uchochoro, maana salamu yetu ni ndefu na mimi nina maneno manne tu kifuani. Binti uliyemfundisha kupiga magoti leo anakimbia salamu. Hilo linaniuma kuliko kifua.

Kibanda nimekifunga. Naogopa, mama. Naogopa kufa ukiwa bado umenikasirikia.

Nisalimie kaka mkubwa anayekuchungia ng'ombe, na shangazi anayekukamulia maziwa. Waambie ukweli, sifichi tena.

Wewe nakuomba kitu kimoja. Jumapili mkitoka ibadani, piga wewe. Niulize yote, usiruke hata ndama. Mimi nitaigonga simu kwa kidole, na kila ukisikia "ngo" moja, ujue nimekuitikia "mhola duhu", salama tu. Nitakuwa nimepiga magoti, mama. Hayo bado nayaweza.

Mwanao,
Minza