Wifi Alidhani Nimelala

Shoga, nimezinduka katikati ya upasuaji. NIMEZINDUKA! Hata kope ilikuwa hainyanyuki.

Daktari wa usingizi amekuja kunieleza. Dawa ya kulegeza misuli huziba vipokezi, kwa hiyo neva zinatuma ujumbe na misuli haiupokei. Ile ya usingizi ndiyo iliyoniishia mapema. Eti pole. Pole!

Nilipiga mayowe, shoga, ndani kwa ndani.

Na nesi aliyekuwa pembeni yangu ni wifi, dada wa mume wangu! Nikamsikia akimwambia mwenzake, "Sijui kaka atamwambiaje huyu kuhusu yule mtoto."

Mtoto gani??

Sasa hivi kaniletea maji. "Eti ulizinduka, wifi yangu? Ulisikia chochote?"

Nimetikisa kichwa kukataa. Dawa imeshaisha mwilini, na bado nimeshindwa kusema neno.