Ndama wa Kujaribia

Alhamisi, 1 Septemba 1977
Nimekamua, nimechota maji, nimemlaza mwanangu Limi. Vumbi la barabara kuu limeingia hadi kwenye maziwa. Balozi wa nyumba kumi amepita. Gari la chanjo litafika zahanati ya Igawa Jumanne, sindano ya surua kwa watoto wadogo. Surua iko ng'ambo ya mto, kasema. Akanywa maziwa yangu, akaenda zake.

Sijui. Mtoto wa kaka yangu kule Kalenga alichomwa sindano, mkono ukatunga usaha, kovu analo hadi leo. Lakini yuko hai. Mdogo wangu hakuchomwa kitu, akafa kwa surua nikimwangalia. Napima huku, napima kule. Kichwa kinauma.

Jumatatu, 5 Septemba
Baba mkwe ameamua. Mume wangu Masanja yuko mbugani na ng'ombe mpaka mvua, kwa hiyo wa kunisemea hakuna. Mzee kasema watoto wa boma watafanyiwa kama ng'ombe. Bwana mifugo akija na dawa ya homa ya mapafu, Mzee hutoa ndama mmoja kwanza, achomwe mkiani. Kuna mwaka mikia ilioza ikakatika. Tangu hapo hungoja. Ndama akiwa mzima, ndipo zizi zima hufuata.

"Tuanze na Limi," kasema. "Akikaa vizuri, wengine watakwenda."

Kwa nini Limi? Najua. Mimi mama yake ni Mhehe, mtu wa kuja, sina ndugu hapa wa kulalamika. Kabula, mke wa shemeji yangu, aliinamisha kichwa. Maganga wake atangoja. Maganga ana miaka miwili na hulala kwa babu yake.

Nina hasira. Nilikuwa nimeshaamua nusu kumpeleka mwenyewe. Sasa hata kumpeleka kunaniuma.

Jumanne, 6 Septemba
Foleni ndefu. Jua. Limi kalia, kanyonya, kanyamaza. Nesi kasema homa inaweza kuja baada ya wiki moja hivi, nisiogope. Nimemwambia Mzee. Alikuwa anachonga mpini, sidhani kama alisikia. Gari litarudi Jumanne ijayo kwa waliobaki.

Ijumaa, 9 Septemba
Hana kitu. Boma zima linamwangalia. Mama mkwe humgusa paji la uso kila anapopita. Mzee husimama, hutazama mkono wenye alama, huondoka. Nimechoka kulea ndama. Kabula keshafua shati la Maganga la kwendea zahanati.

Jumanne, 13 Septemba
Limi kaamka anachemka. Siku zote hizo, homa imeingoja leo! Nilitaka kumficha. Mzee kaweka kiganja kifuani pake, akatoka nje, akawavua nguo za safari waliokwisha kuvaa.

Nilimfuata hadi zizini. Mke wa mtu hamfuati mkwewe zizini, najua, nilimfuata. Nikamwambia nesi alisema homa itakuja, ndiyo kawaida yake.

"Mkia ukivimba, huchomi zizi," kasema. Hakugeuka.

Nimelisikia gari likiondoka.

Alhamisi, 15 Septemba
Homa imekwisha. Limi anatambaa, anakula udongo. Mzee kaona. Kasema vizuri, gari likirudi wote waende. Balozi anasema labda Oktoba. Labda.

Jumapili, 25 Septemba
Maganga anakohoa. Macho mekundu. Hakuna anayelitaja jina la ugonjwa.

Jumatano, 28 Septemba
Vipele. Mlango wa Kabula umefungwa. Nimesema apelekwe zahanati. Mama mkwe kakataa, eti sindano sasa itaurudisha ugonjwa ndani. Wote wamekubali. Mimi nani.

Limi yuko mgongoni kwangu kutwa. Namgusa, namgusa tena. Hana kitu. Nafurahi. Naona aibu kufurahi, na bado nafurahi.

Jumapili, 2 Oktoba
Maganga amefariki alfajiri. Limi alikuwa anacheka na kuku uani, nikamchukua nikaenda naye mbali, mpaka mtoni. Ningekuwa na ndugu hapa, wangemchagua mwingine. Siwezi kuliwaza hilo mpaka mwisho.

Jumanne, 11 Oktoba
Gari limekuja. Mzee mwenyewe aliwakusanya watoto, akatangulia na fimbo yake. Hakumchagua yeyote. Kwenye zahanati nesi alimuuliza kama watoto wote wa boma wapo.

"Hawa ndio waliobaki," Mzee akajibu.

Akawashika mikono mmoja mmoja wakati wa kuchomwa. Hakuniangalia. Nilidhani nitataka aniangalie, kumbe sikutaka.

Kabula alikuja pia. Hakuna aliyemwita. Wakati wa kurudi akanyoosha mikono, nikampa Limi na kanga. Akamfunga mgongoni vizuri, akatembea mbele yangu njia nzima. Mgongo wangu ulikuwa mwepesi. Sikujua mikono niiweke wapi.