Mwavuli wa Mama Yake Murdo

Struan, Murdo kafunga! Mshambuliaji wetu, mechi kumi na tisa bila bao, leo kafunga!

Ila kafunga kwetu. KWETU!

Unajua mapumziko sisi mashabiki, mama yake Murdo akiwemo, tunavyohamia nyuma ya goli tunaloshambulia. Leo mvua ya mawe, nani aache paa na pai yake? Tukabaki wote nyuma ya goli letu.

Murdo kaingia dakika ya themanini, kocha kamwonya: "Funga, la sivyo mkataba sahau."

Kona yao ikapaa. Jamaa kaona mwavuli mwekundu wa mama yake ukipungwa nyuma ya goli, akapiga kichwa. Kichwa kitamu, Struan!

Kocha: "Ulikuwa unaelekea wapi, we?"

"Kwa mama, bosi. Miaka kumi na miwili nafuata mwavuli."

Mkataba kwisha.

Mama mtu akafoka: "Si mlisema hajui kufunga?"