Maji ya Njegere za Kopo

Ruanda,
Wilaya ya Mbinga,
Ruvuma.
7 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Urbani,

Salamu zangu zikufikie huko Durban, nami naomba zikukute unakula na unalala vizuri. Sisi huku tupo. Mama anasumbuliwa na kikohozi, vumbi la malori ya makaa ya mawe haliishi hapa barabarani, lakini kanisani anafika kwa miguu yake. Mimi mwili ni mzima. Mguu wako ulioumia kazini umepona? Usinijibu "salama" tu, niambie ulivyo.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu huipokei tangu tumzike Baba. Nimepiga mpaka nimechoka. Ilyasi, yule mwenye duka la vipuri Mbinga mjini, anasafiri Alhamisi kufuata mzigo huko kwenu. Amekubali kukupa barua hii mkononi, kama alivyotuletea ile katoni yako mwezi wa Mei.

Najua kilichokunyamazisha. Shangazi Ottilia alikupigia siku ya tatu ya msiba, akakuambia makopo yako ndiyo yaliyomuua kaka yake. Mimi nilikuwepo, Urbani. Nilikaa naye mkeka mmoja, nikasikia kila neno, na sikufungua kinywa.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana wewe ulisikia vipande vipande.

Presha ya Baba unaijua, ameishi nayo tangu alipostaafu ualimu. Mwaka huu baada ya Pasaka aliacha kula. Ugali hautaki, maharage anasema magumu, na meno yalikuwa yamebaki matano. Shangazi alileta usipa, wale dagaa wa ziwani kutoka Mbamba Bay aliokuwa akiwapenda, Baba akawanusa tu na kuwasogeza. Kufika Mei nilikuwa nambeba kumtoa nje aote jua, na sikuona uzito.

Ndipo Ilyasi akaja na katoni. Makopo ishirini na manne ya njegere. Mama alicheka, akauliza kama umesahau kwamba njegere huku tunazilima wenyewe. Baba hakucheka. Aliomba miwani, akashika kopo moja, akaanza kusoma karatasi yake kwa sauti kama anaita majina darasani.

"Protini, gramu nne na nusu. Nyuzinyuzi, gramu nne. Vitamini A. Madini ya chuma." Akatutazama juu ya miwani. "Mnaona? Mwanangu hakutuma takataka."

Siku ile alikula nusu kopo kwa kijiko. Zilikuwa laini, hazihitaji meno, na zilikuwa na chumvi ya kumwamsha ulimi. Yale maji yake aliyanywa mpaka bakuli likakauka. Kesho yake akaziomba mwenyewe. Mama aliingia chumbani kulia, na mimi nikamwacha alie, kwa sababu kilikuwa kilio cha kushukuru.

Mwezi wa Juni nilimpeleka kliniki ya presha. Nesi mmoja, Hafidha, binti mpole, aliuliza anakula nini. Nilikuwa nimebeba kopo tupu kwenye mkoba, nikamwonyesha kwa majivuno. Alilisoma mpaka chini kabisa, akaweka kidole kwenye mstari ambao Baba hakutusomea.

"Dada, njegere zenyewe ni chakula kizuri," aliniambia. "Zinajenga mwili, zinasaidia choo, na vitamini zinazo, ingawa ule moto wa kiwandani hupunguza baadhi. Shida ni hii sodiamu, ndiyo chumvi. Nyingi imo kwenye maji. Yamwage, kisha zioshe njegere mara mbili ndipo umpe. Kwa moyo wake, maji haya asiyanywe kabisa."

Nilielewa vizuri, siwezi kusingizia kwamba sikuelewa. Nikarudi nyumbani nikafanya kama alivyosema.

Baba alionja kijiko kimoja, akakiweka chini.

"Hizi si zile za Urbani."

"Ni zile zile, Baba."

"Umeziosha."

Nikamweleza maneno ya nesi. Akasema, "Marselina, nina miaka sabini na nane. Niache nile." Akageukia ukuta. Siku hiyo hakula, wala ya pili, wala ya tatu. Alikunywa chai ya rangi tu. Siku ya nne nilifungua kopo jipya, nikalimimina lote bakulini na maji yake, nikampelekea. Akala. Nami nikaendelea hivyo kila siku hadi katoni ikaisha katika wiki ya kwanza ya Julai.

Mwisho wa Julai miguu ikavimba. Ukiibonyeza, shimo linabaki. Akawa analala ameketi, pumzi haimtoshi. Tukampeleka hospitali, akakaa siku tisa. Nilimuuliza daktari kuhusu chumvi. Alisema moyo ulikuwa umetanuka siku nyingi, kabla hata ya makopo, na kwamba chumvi haikumsaidia. Hakusema ndiyo iliyomuua, wala hakusema siyo. Yaliyofuata unayajua.

Basi siku ile Shangazi alipokupigia, ukweli wote nilikuwa nao. Niliogopa kwamba nikisema, macho ya watu wote pale msibani yatanigeukia mimi, kwa hiyo nikakuacha wewe uliye mbali ubebe lawama. Kati ya yote niliyofanya mwaka huu, hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Wiki iliyopita nilikwenda Mbamba Bay. Nilimkuta Shangazi anageuza samaki kwenye uchanja. Nikamsalimu shikamoo, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kugeuza samaki.

"Matanga yote ulikuwa unanitazama tu?"

"Ndiyo, Shangazi."

Alimaliza safu nzima ndipo akasema, "Nimempigia mtoto yule akiwa peke yake ugenini." Chakula alinipa, lakini njiani hakunisindikiza. Sijui kama atakupigia. Nadhani anaona aibu, na hasira yake sasa imenigeukia mimi.

Mama pia nimemwambia. Akasema alikuwa anayaona yale maji bakulini kila siku, na yeye pia alinyamaza, kwa sababu Baba alikuwa anakula.

Sikuandikii ili unifariji. Kuna siku naona nilimpa Baba wiki kadhaa za kula kwa furaha, na kuna siku naona nilimnyang'anya mwaka mzima. Sijui, na hakuna wa kunijibu. Ila wewe ulimtumia mzazi wako chakula, na kilikuwa chakula chema. Mkono uliomimina ni wangu. Ukinikasirikia nitaelewa.

Mume wangu Isidori anakusalimu sana. Binti yetu Glorious ameanza kidato cha kwanza, anauliza mjomba atakuja lini. Msalimie yule rafiki yako unayekaa naye chumba kimoja, mwambie tunashukuru kwamba hukulia peke yako.

Mama kila Jumapili akitoka misani anakaa barazani na simu mapajani hadi jua linaelekea kuzama, kisha anaingia ndani. Mpigie. Habari za makopo usianze nazo. Muulize kama kahawa imechanua. Imechanua, lakini mwache akuambie mwenyewe.

Mungu akufunike huko uliko, na siku moja akulete utuone tukiwa bado tupo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukikaa kimya,

Marselina