Usitazame Uso

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na kabla ya yote nakuulizia mgongo. Bado unakusumbua, au umeacha kupandisha maboksi ya viatu rafuni peke yako kama kijana? Mimi sijambo, isipokuwa macho, ambayo yamechoshwa na sindano, na mdomo, ambao unaujua mwenyewe. Barua yako nimeipata. Niliposoma mwanzo wake nilicheka, nilipofika mwisho nikakunja uso.

Nilicheka pale uliposema vile viatu bapa vyenye kautepe mbele vinatoka dukani kwako kama vinagawiwa bure, tangu ubandike tangazo la ile filamu ya mcheza baleti ulilopewa na muuza jumla. Ukasema hata mtu aliyetoka kununua chumvi husimama kuitazama ile miguu iliyosimama kwenye ncha za vidole, kisha anaingia kuulizia saizi. Ukanilalamikia na habari za wifi, kwamba kila asubuhi analifuta tangazo vumbi kwa kitambaa kibichi kama picha ya marehemu babu, na ulipotaka kutundika kalenda juu yake akakufokea mbele ya wateja. Kaka, wifi namjua. Yule hafuti kitu bure. Nikaanza kushuku hapo hapo.

Uso niliukunja uliponiagiza nimchunguze binti yako. Ulisema likizo hakuja, kwenye simu anajibu kwa mkato, na moyo wako unakwambia ana mwanaume. Ukaapa kwamba ukipata uhakika tu, uhasibu basi, chuo basi, unakuja kumchukua yeye na begi lake. Maneno mazito hayo. Lakini sikukubishia, maana hata mimi ninayeishi naye hapa nyumbani nilikuwa nimeshaanza kunusa.

Huku mjini filamu hiyo imewatia watu wazimu. Kila msichana anayeingia kwenye chumba changu cha kushonea ananisogezea simu puani: anataka sketi ya wavu, tabaka juu ya tabaka, na kizibao cha kumbana mpaka pumzi iombe ruhusa. Nywele wote wamezifunga fundo utosini, shingo juu, wanatembea kama wamebeba glasi ya maji kichwani. Hata bibi harusi mmoja kaja anataka hivyo hivyo. Duka la manukato la jirani limeweka dirishani sanamu iliyoinua mguu. Nilimwambia mteja mmoja kwamba amevaa chandarua mchana kweupe na mbu watamcheka, akanijibu kwamba mbu hawaendi na wakati. Basi binti yako, Kijiti wetu, alipoanza naye kufunga nywele utosini, nikadhani ni ugonjwa ule ule wa mtaani.

Kumbe! Mara pamba ikaanza kupungua kwenye droo yangu. Mara utepe wa satini haupo. Chumbani kwake kukawa na harufu ya dawa ya kuchua, utadhani nimempangisha mzee. Nikimwambia aoshe vyombo, namkuta anasuuza sufuria kwa mguu mmoja, ule mwingine uko hewani nyuma yake. Vidole amevifunga plasta, na nikimuuliza anasema viatu vinambana. Mtoto wa muuza viatu! Siku nyingine nikasikia kishindo chumbani, nikachungulia kwenye tundu la ufunguo, na usinilaumu kwa sababu wewe ndiye uliyenituma. Nikamwona ameshika kiatu kipya cha satini, anakibana kwenye mlango wa kabati, kisha anakiponda kwa nyundo yangu. Kiatu ambacho hakijagusa ardhi, kaka. Nikasema hapa pana mwanaume, kiatu ni zawadi yake, na leo wamegombana.

Kesho yake nilifunga kazi mapema nikamfuata alipotoka chuoni. Akakata mtaa wa magereji, akaingia kwenye jengo ambalo zamani lilikuwa ghala la samani. Na mimi huyo, nyuma yake. Na mwanaume, wallahi, alikuwepo! Alikuwa amembeba binti yako juu, juu kabisa ya kichwa chake, mbele za watu. Nilipiga yowe mpaka mpiga kinanda akaacha kupiga. Yule kijana akamteremsha taratibu, akanipa shikamoo. Mwalimu wao, mama mtu mzima mwenye fimbo, akauona mkasi mkononi mwangu, nilikuwa nimesahau kuuacha, akadhani mimi ndiye fundi aliyemwita kurekebisha vizibao. Akaniuliza mbona nimechelewa.

Kijiti alinikalisha kwenye benchi akanieleza. Anajifunza baleti kwa mama yule tangu alipoingia chuo, na vipindi vya chuo hakosi. Sikumwamini, nikaenda kumuuliza mkufunzi wake mwenyewe, na ni kweli, anafaulu. Yule kijana ni mwenzake wa kucheza tu. Hilo nalo sikuliamini, nikambana kwa maswali mpaka akanionyesha picha ya mchumba wake. Viatu vile ni vigumu vikiwa vipya, ndiyo maana wachezaji wote huviponda kwanza, kisha huvitia pamba vidoleni na kuvishonea utepe. Kwa hiyo mwanaume hayupo, kaka. Tua mzigo huo.

Nikamuuliza kwa nini basi ametuficha. Akanikumbusha jambo ambalo pengine wewe umelisahau. Alikuwa mdogo, ukamkuta dukani amepanda juu ya maboksi, amesimama kwa ncha za vidole kumwiga mtu aliyemwona kwenye televisheni. Ukamteremsha, ukamwambia kwamba mguu wa binti yako si wa kuonyeshwa watu. Yeye hakusahau.

Sasa kaa kitako, na wifi akae pembeni yako. Yule nyota wa filamu, ambaye uso wake uko kila ukuta, hajui kucheza. Watu wa filamu walikwenda kwa mwalimu yule kutafuta miguu, na waliyoichagua ni ya Kijiti. Uso ni wa nyota. Kuanzia magotini kushuka chini, kwenye filamu na kwenye tangazo, ni mwanao. Jina lake hawakuliandika popote. Nilikwenda sinema nikakaa kiti cha mbele kabisa ili nipate pa kumkamatia uongo, na nikatoka ninalia.

Siku ya kupiga picha, mpambaji alitaka kulificha kwa poda lile kovu la mguu wa kushoto, pale juu ya utepe. Unalijua. Ni la spoki za baiskeli, siku ulipompakia nyuma mguu ukaingia kwenye gurudumu, ukambeba mikononi mpaka kwa daktari huku unalia kuliko yeye. Kijiti alikataa katakata. Akawaambia uso wachukue, jina wachukue, lakini kovu lisiguswe. Aliniambia mimi kwamba alitaka ulione, kwa sababu akina baba wengine wataona miguu, ila baba yake atamjua.

Tangazo likafika kwako. Ukampigia simu ukamsimulia unavyouza. Ndiyo maana anajibu kwa mkato, kaka. Kila ukipiga hudhani leo umeliona, hunyamaza ili akupe nafasi ya kusema, na wewe unamweleza saizi zilizokwisha.

Umenituma uchunguzi, na huo ndio uchunguzi. Ukitaka kuja kumchukua njoo, wewe ndiye baba, ila kwanza fungua duka asubuhi, usimame mbele ya tangazo lako, usitazame uso.

Nisalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia wasalimie pia waone aibu. Wifi umwambie nimemkamata. Muulize asubuhi zote hizo alikuwa anafuta vumbi, au alikuwa anamwosha mtoto wake miguu. Na Jumapili ukipiga simu, tafadhali, usianze na saizi.

Ni mimi mdogo wako, fundi mwenye mdomo.